Nilivyoogelea Ndani ya Pipa la Mihogo

Harufu ya mihogo iliyolala majini siku tatu haiombi ruhusa kuingia puani. Inafanana na maziwa yaliyoganda, na soksi za timu nzima ya mpira, na kitu kingine cha tatu ambacho sijakipatia jina, ingawa nina miaka kumi na sita na ninajua majina ya vitu vingi visivyonihusu. Juzi nilikuwa natoka shuleni, nikipita uchochoro wa nyuma hapa kwetu Kamalondo, harufu hiyo ikaruka ukuta wa nyumba ya watu ikanikamata. Wenzangu waliziba pua wakakimbia. Mimi nilisimama pale nikicheka peke yangu, halafu kicheko kikanikauka mdomoni.

Kwa hiyo niungame mapema, kabla sijaanza kujipamba. Nilipokuwa na miaka tisa, niliitoa mihogo ya mama yangu majini baada ya usiku mmoja tu, ili mimi na rafiki yangu Patient tupate mahali pa kuogelea. Ndani ya pipa. Sasa mumekwisha kujua, na mukinicheka mucheke polepole, kwa sababu habari yenyewe haikuishia kwenye maji.

Mwalimu wetu wa jeografia anapenda kutuambia kwamba nchi hii ni shaba na kobalti. Anayataja madini hayo akiwa amefumba macho, kama mtu anayeomba. Kengele ya rekreasyo, ya mapumziko, ikilia, yeye ndiye wa kwanza kufika getini kwa mama anayeuza mihogo ya kuchoma na karanga. Nimemchunguza miaka miwili sasa na sijamwona akitafuna shaba hata siku moja. Nchi yetu inachimba madini, lakini inashiba mihogo: mizizi tunasaga unga, majani tunatwanga sombe, na miti yenyewe tunaikata vipande tukaipanda tena. Hakuna kinachotupwa ila maganda, na hayo nayo mbuzi wa jirani anajua saa yake ya kuyafuata.

Kwetu nyumbani, lakini, muhogo ulikuwa vita. Mama yangu ni mtu wa upande wa mto Lufira, na kwao chakula ni bukari: unga wa mahindi uliochanganywa na wa muhogo, ukasongwa mpaka mwiko usimame wenyewe katikati ya sufuria. Baba yangu, Papa Hamisi, ni fundi cherehani, na ukoo wake ulitoka Maniema tangu zamani. Watu wa Maniema ni watu wa wali. Na mkubwa wa watu wa wali alikuwa dada yake baba, Shangazi Zaituni, mwanamke mwenye upana wa mlango na sauti ya mlango unaofungwa. Kwa Shangazi, muhogo ni kitu unachokula pale wali unapokuwa umesafiri.

Ajabu yake ni kwamba sombe aliipenda. Alikuwa anakula sahani tatu za majani ya muhogo huku anautukana mzizi. Ni kama kumpenda mtoto na kumnunia mama yake, na kweli ndivyo alivyotufanyia. Mimi alinibeba mgongoni, akanifundisha kuhesabu kwa punje za mchele, akacheka kila upuuzi niliousema. Lakini mama yangu, Shangazi alimwita “ule bibi ya Hamisi”, yaani yule mke wa Hamisi, miaka kumi na moja mfululizo, mtu anayekaa mitaa miwili tu kutoka kwake.

Kila mwaka, Jumapili moja ya Oktoba, ukoo wote ulikusanyika kwetu kwa hitima ya Babu, baba yake baba. Wanaume walisoma mbele, wanawake walipika nyuma, na kupika maana yake ni Shangazi Zaituni kupika na wengine kumenya vitunguu. Mama alikuwa amemenya vitunguu hitima zote hizo. Mwaka ule alimwambia baba kwamba anataka kuwapikia wakwe zake bukari na sombe, chakula cha mkono wake, mara moja tu. Baba ni mtu anayepima kitambaa mara tatu kabla ya kukata, na maneno yake ni vilevile. Alichukua wiki nzima kabla ya kulifikisha ombi kwa dada yake. Shangazi alijibu maneno mawili tu: “Apike. Tutaona.” Katika ukoo wetu, “tutaona” siyo neno, ni mahakama.

Mama akajiandaa kama mtu anayekwenda mtihani wa taifa. Alinunua mihogo michungu, siyo ile mitamu ya kutafuna mbichi, maana alisema michungu ndiyo inayotoa unga mweupe. Tuliimenya Jumatatu jioni mpaka vidole vikaota mikunjo, tukaikata, tukaipanga ndani ya pipa la plastiki la bluu nyuma ya nyumba, maji juu, sahani juu ya maji, jiwe juu ya sahani. Kesho yake asubuhi mama alikuwa anakwenda Kipushi, kwa mdogo wake aliyekuwa amejifungua. Akaniita mbele ya pipa. Akaniambia mihogo italala busiku ya kwanza, ya pili na ya tatu, Alhamisi asubuhi niitoe, niianike juu ya bati, halafu Jumamosi dada yangu, Yaya Rehema, aipeleke kwa mashine. Akamalizia: “Weye njo mulinzi.”

Sijawahi kupewa cheo kikubwa kuliko hicho cha mlinzi wa pipa, na nilikishika kwa muda wa saa nne hivi.

Anayeijua Lubumbashi ya Oktoba anajua jua lile la kabla ya mvua, wakati vumbi jekundu linakaa hewani na bati linalia lenyewe juu ya kichwa chako. Shule yetu ilikuwa imefungwa, walimu walikuwa na madai yao. Patient alikuja, akakaa kivulini, akatoa ulimi kama mbwa. Watoto wa Golf, mtaa wa matajiri, akasema, wana mabwawa ya kuogelea ndani ya ua. Alikuwa amechungulia kwa macho yake mwenyewe, siku alipomsindikiza baba yake kupaka rangi nyumba ya mtu. Maji ya bluu, akasema. Kisha, bila mtu kumwambia mwenzake lolote, tukageuza shingo tukalitazama pipa. Lilikuwa la bluu.

Nakumbuka tuliitoa mihogo kwa heshima, kipande baada ya kipande, tukaipanga juu ya karatasi ya plastiki kama maiti za vita. Mpango ulikuwa kuirudisha baadaye. Patient aliingia kwanza, nikahesabu mpaka hamsini, akatoka, nikaingia. Maji yalikuwa meupe kidogo, yanateleza, na yananuka kidogo tu, maana harufu ile kubwa ilikuwa bado haijazaliwa. Jamani, ilikuwa raha. Sitadanganya nijifanye nilijuta humo ndani. Niliinua mikono juu, nikazama mpaka nywele, nikasikia mtaa wote umenyamaza, cherehani za baba mbele ya nyumba zikawa mbali kama nzi. Mara ya tatu tuliamua kuingia pamoja, na fizikia ikafanya kazi yake: nusu ya maji ikatoka nje, na pipa likainama, na nusu ya iliyobaki ikaifuata.

Tukabaki tumesimama katika tope jekundu, wembamba, tunanuka. Bomba la kwetu lilikuwa linatoa maji mara mbili kwa wiki, na zamu nyingine ilikuwa Alhamisi. Maji ya kunywa Yaya Rehema aliyafunga kwa kufuli, kwa kuwa ananijua. Mihogo haikuwa na pa kurudi.

Hapo ndipo akili yangu, ambayo walimu wameisifia mara nyingi kwa namna isiyokuwa sifa, ilinipa jibu. Mihogo mwisho wake ni juani, sivyo? Basi niianike leo. Ikikauka mapema, mama ataniona mchapakazi. Nikapanda juu ya bati, nikaianika. Alhamisi maji yalipotoka, nikalijaza pipa nusu, nikalikoroga kwa mti, ili lionekane limefanya kazi. Yaya Rehema, ambaye shule yao haikufungwa, alikuwa katika mitihani yake ya ndani, hakuona kitu. Jumamosi alirudi kutoka kwa mashine na gunia kichwani, amekasirika, akasema msagaji amelalamika kwamba mihogo yetu ni migumu kama mawe ya mgodi. Mama alikuwa amerudi asubuhi hiyo kutoka Kipushi na mafua makali, macho mekundu, pua imeziba kabisa. Alicheka, akasema wasagaji wote ni walalamishi. Alitia mkono katika unga, akautazama ulivyo mweupe, akanishika kichwa. Nikatabasamu. Ndiyo, nilitabasamu.

Jumapili mchana ua wa nyuma ulijaa. Mbele wanaume walikuwa wanasoma, sauti zao zinapanda na kushuka pamoja. Nyuma kulikuwa na mbabula mbili, majiko yenye makaa mekundu; kwenye moja sombe ilikuwa inachemka na mawese, kwenye ya pili sufuria kubwa ya kukodi, na mama ameinama juu yake, miguu yote miwili ameikita chini, anasonga. Kitambaa kipya kichwani. Sijawahi kumwona mzuri vile. Wanawake wa Maniema walikuwa wamekaa juu ya mkeka, mikono mapajani, hawana vitunguu vya kumenya, wanatazama kazi ya mtu. Shangazi Zaituni alikuwa katikati yao juu ya kiti.

Mmoja wa shangazi wadogo akauliza, kwa upole wa uongo, kama ni kweli muhogo mchungu unaweza kumdhuru mtu. Mama hakukasirika. Alikuwa amelingoja swali hilo. Aliendelea kusonga huku anasema kwamba ni kweli, kama mpishi ni mvivu. Kwao, alipokuwa msichana, ulikuja mwaka wa njaa, na watu wakaanza kuloweka mihogo usiku mmoja tu, kwa haraka ya tumbo. Mtoto wa jirani yao, mvulana aliyekuwa anamshinda kila mtu kukimbia, aliamka asubuhi moja miguu imekaza. Haikunyooka tena. Mpaka leo, mama akasema, yule mtu ni baba wa watoto na anatembea kwa ncha za vidole, na fimbo mbili.

Niliposikia hivyo nilikuwa nimebeba beseni la sahani. Nililiweka chini.

Mama akageuka, anatoka jasho, anacheka na pua yake iliyoziba, akanielekezea mwiko mbele ya wote. “Ya kwangu ililala mu maji busiku tatu. Mumuulize uyu mutoto, ye njo alichunga pipa.”

Macho yote yakaja kwangu. Niwaambie kitu: jibu lilikuwa rahisi. Ilikuwa kutikisa kichwa tu. Ningetikisa kichwa, mama angeshinda vita ya miaka kumi na moja. Na niliwatazama wale wanawake, na binamu zangu waliokuwa wanakimbizana ukutani, na nikaanza kuitazama miguu yao. Siyo sura zao. Miguu.

“Mama,” nikasema, “ililala busiku moja.”

Wakacheka. Ua mzima ulicheka, na aliyecheka zaidi ni Shangazi Zaituni, aliyejipiga paja akasema huyu mtoto atatuua siku moja. Nimekuwa mchekeshaji tangu nilipoota meno, na kazi yangu yote ni kutafuta kicheko cha namna ile; siku hiyo kilikuja bila kutafutwa, na kilikuwa mlango uliofunguliwa wazi. Ningecheka nao, nikabeba sahani zangu, nikaondoka. Hakuna ambaye angenidai kitu. Nilisimama pale nikaona jinsi ilivyo vigumu kwa mtu kama mimi kusema kitu na kuaminiwa.

Nikarudia. Wakacheka kidogo zaidi. Nikaanza kueleza yote, pipa, Patient, mabwawa ya Golf, tope, bati, maji niliyoyakoroga kwa mti, na kila nilipoongeza neno ilionekana kama naongeza chumvi katika mzaha. Basi nikaanza kulia, kwa sauti, kamasi na yote, na kulia kwenyewe nikakuona ni aibu kuliko kosa. Hapo kicheko kikapungua, mtu mmoja mmoja, kama mvua inavyoacha.

Mama aliacha mwiko. Aliinama, akachukua unga mkavu uliobaki ndani ya gunia, akauweka kwenye ncha ya ulimi. Pua ilikuwa imeziba lakini ulimi ulikuwa mzima. Nilimwona uso wake ukibadilika taratibu, kuanzia mdomoni. Alitema pembeni. Kisha akafunga vitambaa mikononi, akaishika ile sufuria ya watu arobaini, akaiteremsha kutoka kwenye moto peke yake, bila kuomba msaada. Akaiburuta mpaka kwenye shimo la takataka nyuma ya choo, na tukasikia bukari ikianguka, pu, kitu kizito. Akarudi akafukia kwa koleo ili kuku wasifike. Mbele wanaume walikuwa bado wanasoma.

Shangazi Zaituni alinyanyuka. Nilingoja aseme “nilisema”. Wote walingoja. Badala yake alimtuma kijana kwenye gari la mmoja wa wageni, naye akarudi na gunia la mchele. Shangazi alikuwa amekuja nalo tangu asubuhi, amelificha chini ya khanga, tayari kwa kushindwa kwa mama. Hilo nalo halikutushangaza. Wanaume walipomaliza na mmoja wao akaja kuuliza kwa nini chakula kinachelewa, Shangazi alimjibu bila kugeuka: “Mama Rehema amekataa unga. Mungojee.” Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitamka jina la mama. Mama naye alilisikia. Hakumtazama, alivuta kibao akakaa, akaanza kumenya vitunguu.

Walikula wali na sombe. Walisifu sombe.

Siku ile nilielewa jambo moja tu, kwamba nitapigwa, na kwamba ni haki yao. Mengine yalikuja polepole. Mwaka jana mwalimu wetu yule wa shaba alitufundisha kwamba muhogo si mwenyeji wa hapa, ulivuka bahari katika majahazi ya Wareno, na kwamba mpunga wa Maniema nao ulikuja na misafara ya watu wa pwani. Nilicheka darasani mpaka nikatolewa nje. Wageni wawili walikuwa wanagombana uani kwetu kuhusu nani mwenye nyumba. Nilimpelekea habari hiyo Shangazi Zaituni, akaniambia wali haukuja na mtu, wali uliumbwa.

Lakini lililonichukua muda mrefu zaidi ni lile la mama na sufuria. Nilikuwa nadhani alikimwaga chakula kwa hasira. Sasa najua alikuwa na nafasi kama niliyokuwa nayo mimi: watu walikuwa wamekwisha kucheka, bukari ilikuwa imeiva, nyeupe, inapendeza, na mtoto ni mzushi anayejulikana mtaa mzima. Angeweza kusema tu kwamba naongopa. Wangeamini. Pengine hata wasingeumwa, bukari ya siku moja. Hakuitumia nafasi hiyo, na aliitupa bila hotuba, mbele ya mahakama yake yote. Miaka kumi na moja ya kungoja, ndani ya shimo la takataka, na koleo la udongo juu. Nikisikia watu wakubwa wa nchi hii wakijieleza redioni, huwa namkumbuka mama na lile koleo.

Jioni, jua likiwa bado juu ya bati, wageni walikwisha kwenda. Mama alikuwa amechuchumaa anasugua ile sufuria ya kukodi kwa majivu, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake kwa dakika nyingi, mikono nyuma, nimevaa kaptura mbili kwa ajili ya fimbo. Alisugua ndani mpaka chini, akasugua na mgongo wa sufuria. Pua ilikuwa imeanza kufunguka, nikamsikia akivuta hewa. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza kama maji ya pipa yalikuwa ya baridi. Nikasema ndiyo, mama, yalikuwa ya baridi sana. Akamwaga majivu, akaigeuza sufuria juani, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu mchana.

“Siye kwetu tulikuwa tunaloweka mu mto,” mama akasema, “na batoto bote tunaogelea pale pale, mihogo iko pembeni. Nani alikuambia uitoe?”